Paroko na Tasnifu: Je, Mchungaji Aweza Kusoma Uzamivu Bila Kuliacha Kundi?



Ndugu msomaji, likizo iliyopita sisi mafrateri watatu tulikuwa nyumbani Mkuyuni, jijini Mwanza. Jumamosi moja asubuhi tulikwenda kusali na jumuiya katika nyumba ya mama mmoja, juu kwenye mawe, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa. Mama huyo alikuwa na msiba. Kijana wake alikwenda kuvua usiku, upepo ukachafuka, mtumbwi ukapinduka. Wenzake wawili waliokolewa. Yeye hakuonekana, na siku sita zilikuwa zimepita.

Wazee wa ukoo walitaka tambiko lifanyike ufukweni ili marehemu aitwe arudi nyumbani. Katekista aliomba wamsubiri padre. Padre waliyemsubiri ni mtoto wa ukoo huohuo, paroko wa parokia ya mbali. Wakati huo alikuwa Nairobi kuonana na msimamizi wa tasnifu yake, kwa kuwa anasoma shahada ya uzamivu katika taalimungu huku akiendelea kuongoza parokia.

Baada ya sala mama alitugeukia. "Mafrateri, ninyi mnasoma. Mwanangu yuko wapi?" Mmoja wetu alijibu kwa yale tuliyojifunza muhula uliopita. Alieleza kwamba roho haifi, akamtaja Plato na hoja zake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asante, mwanangu. Sikuuliza kama roho inakufa. Nauliza nikamsalie wapi, maana kaburi sina."

Tulinyamaza. Tulipokuwa tukitoka, mjomba wa marehemu alisema kwa uchungu, "Yeye anatafuta udokta, huku watu wanakufa." Mzee mwingine akamjibu, "Na akija padre asiyejua la kutuambia, tutakuwa tumepata nini?" Makala hii imezaliwa na maneno ya wazee hao wawili. Wote wawili walisema kweli, na ugumu wa suala letu uko hapo. Je, mchungaji wa roho anaweza kusoma mpaka ngazi ya udaktari bila kuwaibia waamini wake? Akiweza, ni kwa masharti gani?

1. Uzamivu ni nini?

Kiswahili kimeipa shahada hii jina zuri. Mzamivu ni mtu anayezama majini kutafuta kitu kilicho chini. Hasifiwi kwa kukaa chini muda mrefu. Anasifiwa kwa kile anachopanda nacho.

Katika vyuo vya Kanisa, masomo ya taalimungu yana hatua tatu, kama yanavyoelezwa katika katiba ya kitume Veritatis Gaudium ya Baba Mtakatifu Fransisko, ya mwaka 2017. Hatua ya kwanza ni shahada ya kwanza, ambapo mwanafunzi hupitia taalimungu yote kwa jumla. Ya pili ni lisensiati, ya miaka miwili, ambapo huchagua eneo moja, kwa mfano Maandiko Matakatifu, maadili au liturujia. Ya tatu ni udaktari. Hapa hatakiwi tena kueleza tu waliyosema wengine. Anatakiwa kutafiti swali moja, kuandika tasnifu yenye mchango mpya, na kuitetea mbele ya jopo la wataalamu.

Kwa hiyo uzamivu huanza na swali. Mtu asiye na swali anaweza kupata cheti, lakini kazi yake itakuwa nzito kwake na baridi kwa wasomaji. Jambo hili tulishike, maana tutalirudia.

2. Kanisa linadai nini?

Kanisa linamdai padre mambo mawili kwa wakati mmoja.

Kwanza, linamtaka asome. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Optatam Totius ya mwaka 1965, uliwaagiza maaskofu kuwapeleka vijana wenye uwezo kwenye masomo ya juu, na ukataka malezi ya mapadre yaendelee hata baada ya seminari. Presbyterorum Ordinis, ya mwaka huohuo, inafundisha kwamba elimu ya mhudumu wa altare inapaswa kuwa takatifu, kwa sababu inatoka katika chemchemi takatifu na inaelekea kwenye lengo takatifu. Mtakatifu Yohane Paulo II alitumia sura nzima ya waraka wake Pastores Dabo Vobis, wa mwaka 1992, kueleza malezi endelevu. Nayo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 279, inawaagiza makleri kuendelea na masomo matakatifu baada ya kupadirishwa. Kuna pia haja ya wazi ya kazi. Kanuni ya 253 inataka walimu wa falsafa, taalimungu na sheria katika seminari wawe na udaktari au lisensiati. Bila mapadre wanaosoma, sisi tusingekuwa na walimu.

Pili, linamtaka akae na watu. Kanuni ya 529 inamtaka paroko awafahamu waamini wake, atembelee familia, ashiriki mahangaiko na misiba yao, awasaidie wagonjwa na walio kufani. Kanuni ya 533 inamtaka aishi katika nyumba ya parokia karibu na kanisa, na likizo yake isizidi mwezi mmoja kwa mwaka. Kanuni ya 283 inakataza kleri kuondoka jimboni kwa muda mrefu bila ruhusa.

Tukisoma kanuni hizi pamoja tunaona kwamba Kanisa halikudhani kuwa kusoma na kuchunga ni maadui. Lakini pia halikumwachia padre apange mambo hayo peke yake. Kanuni hiyo ya 533 inamwagiza askofu aweke utaratibu wa kuihudumia parokia paroko anapokuwa hayupo. Paroko akisafiri kwa ajili ya tasnifu na hakuna anayejua nani atampaka mgonjwa mafuta usiku huo, kosa halimo katika kusoma kwake. Kosa ni kukosekana kwa utaratibu.

3. Waliotutangulia

Tuanze na Mwafrika. Mtakatifu Augustino alikuwa askofu wa Hippo, katika nchi inayoitwa leo Algeria, hadi alipofariki mwaka 430. Siku zake zilijaa mahubiri, maskini mlangoni, na kesi za watu waliogombania mashamba na urithi, kwa maana maaskofu wa wakati ule waliamua pia mashauri ya waamini. Mara nyingi alilalamika kwamba shughuli hizo zilimnyima muda wa kusoma. Kazi yake kubwa juu ya Utatu Mtakatifu ilimchukua zaidi ya miaka kumi na mitano. Mwenyewe alikiri kwamba aliianza kijana akaimaliza mzee. Hakuacha kundi ili akimalize kitabu, wala hakukiacha kitabu kwa sababu ya kundi. Alikubali kwenda polepole.

Wa pili ni Karol Wojtyła, aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo II. Mwaka 1948 alitetea tasnifu yake huko Roma, juu ya imani katika maandishi ya Mtakatifu Yohane wa Msalaba. Hakuweza kugharamia kuichapisha, kwa hiyo chuo cha Roma hakikumpa shahada, akaja kutunukiwa udaktari na Chuo Kikuu cha Kraków. Mwaka huohuo alitumwa kuwa paroko msaidizi katika kijiji cha Niegowić. Daktari wa taalimungu alikwenda kufundisha katekisimu kwa watoto wa wakulima. Baadaye alipotakiwa kuandika kazi nyingine ya kitaaluma, askofu wake alimpunguzia kazi za parokia ili apate muda. Tuone vizuri hapo: hata mtu mwenye kipaji kile alihitaji askofu aliyempangia muda.

Tuje kwetu. Padre Charles Nyamiti, aliyezaliwa mwaka 1931 na kuwa padre wa Tabora, alipata udaktari Leuven, Ubelgiji, mwaka 1969. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kufundisha, kwanza Kipalapala, kisha katika chuo kinachoitwa leo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi. Mwaka 1984 alichapisha kitabu kinachomtafakari Kristo kama Mhenga wetu. Ng'ambo ya pili ya Mwanza, Padre Laurenti Magesa wa Jimbo la Musoma, aliyefariki mwaka 2022, alisoma Ottawa, Kanada, akafanya utume parokiani na kufundisha, na mwaka 1997 akatoa kitabu kinachojulikana duniani kote juu ya dini ya jadi ya Kiafrika na mapokeo yake ya maadili.

Wa mwisho hakuwa mtu wa chuo. Padre Donald Sybertz, mmisionari wa Maryknoll, aliishi miaka mingi Ndoleleji, Shinyanga. Akiwa na kamati ya wenyeji, alikusanya methali, hadithi na nyimbo za Wasukuma, na mwaka 1996 alitoa pamoja na Padre Joseph Healey kitabu cha taalimungu ya masimulizi ya Kiafrika. Maktaba yao ilikuwa wazee wa kijijini. Hapo tunajifunza kwamba parokia inaweza kuwa mahali pa utafiti, na paroko aliyekaa na watu ana kitu ambacho mwanafunzi wa maktaba hawezi kukinunua.

4. Magumu tusiyaonee haya

Tusidanganyane. Methali inasema njia mbili zilimshinda fisi, na tumewaona mapadre waliochoka kweli.

La kwanza ni muda. Jumapili ina Misa kadhaa na vigango vilivyo mbali. Jumatatu ya mapumziko kuna mazishi. Katikati ya wiki kuna kikao cha ujenzi, wanandoa waliogombana, na mgonjwa wa kupakwa mafuta. Vitabu vinafunguliwa saa nne usiku na macho yanafumba saa tano. Tasnifu inahitaji masaa mfululizo; parokia inatoa vipande vya nusu saa.

La pili ni fedha. Ada, safari na vitabu ni mzigo, na padre wa jimbo hana mshahara mkubwa. Hapa kuna hatari ya sadaka ya waamini kugeuka ada bila waamini kujua. Asemaye ukweli mapema anajiokoa. Tumeona parokia ambazo halmashauri ya walei ilielezwa wazi, ikachangia kwa furaha.

La tatu ni majivuno. Kuna anayetafuta "Dkt." ili jina lake litangulie kwenye mabango ya jubilei. Huyo atahubiri maneno magumu kwa wavuvi na kuyaita elimu. Mtakatifu Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko, alishindwashindwa Kilatini, lakini watu walisafiri mbali kuungama kwake. Asitumike kutetea uvivu wa kusoma, maana naye alijitahidi kusoma kwa jasho. Atukumbushe tu kwamba shahada si utakatifu.

La nne ni upweke. Anayesoma chuoni ana wenzake wa kujadiliana nao chakula cha jioni. Paroko anayesoma akiwa kazini hana. Wengi huacha katikati, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa mtu wa kuwauliza wamefika wapi.

5. Turudi Mkuyuni

Padre alifika siku ya tisa. Alitoka kituo cha mabasi moja kwa moja hadi kwa mama, akiwa bado na mkoba wa vitabu. Alianza kwa kuomba radhi kwa kuchelewa, mbele ya wazee wote. Hakujitetea.

Kisha alikaa chini akawauliza wazee waeleze wanachotaka kufanya na kwa nini. Walieleza kwa karibu saa nzima. Tulishangaa, maana sisi tulikuwa tumeshawahukumu moyoni. Kumbe hofu yao ilikuwa moja: kwamba kijana aliyekufa bila kuzikwa atakuwa hana kwao, wala hahesabiwi tena pamoja na wahenga wake.

Swali hilo si la familia moja. Mwanza inalijua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Wengi walizikwa Igoma. Wengine ziwa halikuwarudisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Kuna nyumba nyingi ufukweni ambako mama anauliza akamsalie wapi mwanawe.

Padre aliwaeleza kwamba Kanisa huweza kuadhimisha Misa ya wafu hata kama mwili haupo, kwa kuwa marehemu alibatizwa na ni wa Kristo popote alipo. Aliwakumbusha sura ya 20 ya Ufunuo, ambapo Yohane anaona bahari ikiwatoa wafu waliomo ndani yake. Ziwa, alisema, ni amana tu; siku hiyo litaulizwa. Halafu akawaeleza kwa Kisukuma na Kiswahili jambo ambalo baadaye tulilitambua kuwa ni la Nyamiti: kwamba Kristo aliyekufa na kufufuka ndiye Mhenga wa wahenga wote, na aliye ndani yake hawezi kukosa ukoo. Jina la nadharia hakulitaja, wala la mwandishi.

Misa ilisomwa kesho yake. Msalaba wenye jina la kijana ulisimikwa karibu na kaburi la babu yake, na mama akapata pa kusalia. Mzee mmoja alibaki na mashaka na hakuja kwenye Misa. Hilo nalo tulieleze, kwani taalimungu haifuti machozi yote kwa siku moja.

Jioni tulimuuliza padre kama safari ya Nairobi ilikuwa na faida. Alitujibu kwamba bila vitabu vile asingejua kuwasikiliza wazee; angewakemea, kama alivyokuwa akifanya miaka ya kwanza ya upadre. Akaongeza kwamba hata hivyo zile siku tisa zinamwuma, na kuanzia sasa hatasafiri kabla hajahakikisha kwamba familia na parokia yake wanajua padre gani wa kumpigia simu. Swali la mama yule, alisema, halikuwemo katika tasnifu yake. Sasa atalitafutia nafasi.

6. Mambo sita ya kuzingatia

Kutokana na hayo, tunapendekeza yafuatayo kwa sisi tunaojiandaa, na pengine yatawafaa hata walio kazini.

Kwanza, swali litoke kwa watu. Kabla ya kuchagua mada, keti katika jumuiya ndogondogo mwaka mzima na kuandika maswali unayoulizwa.

Pili, tumwa, usijitume. Masomo yawe na baraka ya askofu, na makubaliano ya maandishi juu ya muda, gharama na kazi utakayorudia.

Tatu, asiwepo mtu wa kufa bila padre kwa sababu ya tasnifu. Kila safari iwe na padre mwenzako aliyekubali kushika simu, na katekista na viongozi wa vigango wamjue.

Nne, waamini waelezwe. Watu wanaojua kwamba paroko wao anasoma kwa ajili yao humwombea, na humlindia hata siku yake ya kusoma.

Tano, matunda yarudi mapema. Usingoje kutunukiwa. Kila sura iliyokamilika igeuzwe semina ya makatekista au mafungo ya Kwaresima. Ukishindwa kuieleza sura yako kwa mama anayeuza dagaa, rudi ukaiandike upya.

Sita, kubali kuchelewa. Augustino alikubali. Ikibidi kuchagua kati ya tarehe ya kuwasilisha sura na mtu aliye kufani, tarehe isogezwe.

Hitimisho

Jina Mkuyuni maana yake ni mahali penye mkuyu. Katika Injili ya Luka, Zakayo alipanda mkuyu kwa sababu alikuwa mfupi na umati ulimzuia kumwona Yesu. Alifanya vema kupanda, kwani bila kupanda asingeona. Lakini Bwana hakukutana naye juu ya mti. Alimwambia ashuke upesi, wakaenda nyumbani kwake. Masomo ya juu ni mkuyu wetu. Apande anayetumwa, aone vizuri, na akiitwa ashuke upesi, kwa maana kuna nyumba inayosubiri.

Nasi tulio bado katika falsafa tusidharau tunachosoma. Plato hakukosea siku ile. Sisi ndio tuliokosea, kwa kujibu kabla ya kusikia swali.

Maswali ya kutafakari binafsi au katika kikundi

1. Ni swali gani la waamini wa parokia yako ambalo bado huwezi kulijibu?
2. Ukitumwa kusoma, ni nani atakayebeba kazi yako, na umeshamshukuru?
3. Je, unatamani shahada, au unatamani kuelewa? Utajuaje tofauti?

Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina.